Maksai Waliorudi na Lori

Msumari wa kwanza ulipong'oka, bati lilipiga ukelele mpaka kuku wangu wakakimbilia migombani. Nilikuwa nimesimama uani, mikono kiunoni, nikiwatazama vijana wawili wa Eliezeri wakitambaa juu ya nyumba yangu. Paa walilokuwa wanaliezua lilikuwa bado jipya. Hata kunguru hawakuwa wamelizoea. Kila bati walilotoa waliliinua juani, wakachungulia matundu ya misumari, wakatikisa vichwa. Nilijua kutikisa vichwa kule wamefundishwa.

"Lina matundu, mama," mmoja aliniambia kutoka juu, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

"Lilitoka kwenu bila matundu," nilimjibu. "Mlitaka tulibandike kwa ugali?"

Mume wangu Jailos alikuwa ameketi kwenye gogo karibu na mlango, kofia magotini, akitazama chini kama mtu aliyedondosha sindano. Majirani walipita njiani polepole kuliko kawaida. Nilisikia aibu, nami sikumwonea Jailos huruma hata kidogo, maana nilikuwa nimemwambia.

Ilikuwa mwaka sabini na tatu. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa imepata lami majuzi tu, na watu walikuwa bado wanaisifia kama bibi harusi. Sisi tulikaa mlimani, juu ya Mwanjelwa, kwenye mashamba ya mteremko ambako kila kitu hulimwa kwa jembe la mkono, maana ng'ombe ukimfunga plau kule atabingirika mpaka sokoni. Lakini Jailos hakuwa mkulima wa kutegemewa. Alikuwa dalali. Barabara ile ilikuwa imemfungua macho, akagundua kwamba mtu anaweza kuuza kitu ambacho si chake kwa mtu ambaye hajamwona, na jioni akala nyama.

Hivi ndivyo walivyofanya. Mnunuzi wa Iringa akitaka kitu cha bonde la Usangu, aliacha malipo kwa Eliezeri, mwenye duka pale Igawa, kando ya barabara. Jailos alitafuta kitu chenyewe, akakifikisha Igawa, kikapakiwa kwenye lori. Lori likiondoka, Eliezeri alikata chake, akampa Jailos kilichobaki, na Jailos akamlipa mwenye mali. Mnunuzi naye alipewa nafasi ya kulalamika mpaka mwezi mwingine uandame. Akilalamika, Eliezeri alimrudishia malipo yake yote palepale, bila maswali. Ndiyo maana watu wa Iringa walimwamini kuliko walivyowaamini shemeji zao.

"Akimrudishia, anatoa wapi?" nilimuuliza Jailos siku ya kwanza aliponieleza.

"Anatoa kwake."

"Halafu?"

"Halafu anamtafuta aliyekula."

"Na aliyekula ni nani, Baba Ezekia?"

Alicheka. Akasema mimi nina tabia ya kunusa chungu ambacho hakijabandikwa jikoni. Ni kweli. Mama yangu alinizaa hivyo, na soko la Mwanjelwa likanimalizia. Mtu akinisalimia mara mbili huwa napapasa mkoba wangu.

Maksai wenyewe walitoka kwa Bujiku. Huyu alikuwa Msukuma, mmoja wa wale waliotangulia kushuka Usangu na ng'ombe zao kutoka kaskazini, akajenga nje ya Rujewa. Alikuwa mtu mrefu mwenye maneno machache, na kazi aliyoiweza kuliko zote ilikuwa kufundisha maksai kulima. Huko kwetu mlimani Wasukuma walisemwa sana. Walisemwa kwamba wana ng'ombe wengi mno kwa watu wasio na kitu cha kuficha. Walisemwa kwamba wana dawa za kila namna, za mvua, za fisi, hata za kumfanya mnunuzi apende kitu kibovu. Waliosema hivyo hawakuwa wamewahi kufika Rujewa, na mimi nilisema pamoja nao.

Mnunuzi alikuwa Saulo Kalinga, mwinjilisti wa Ifunda, upande wa Iringa. Alitaka maksai wawili waliofunzwa, wamlimie shamba lake kisha awakodishe kwa majirani. Bei aliyotaja ilimfanya Jailos ashindwe kumaliza uji. Mimi hesabu yangu ilikuwa moja tu: paa. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi na ilivuja, na kila masika nilihamisha vitanda vya watoto kama mtu anayecheza bao.

Nilikwenda Igawa siku ya kupakia, kwa sababu sikumwamini mtu yeyote katika mlolongo ule, na mume wangu alikuwa mmojawapo. Bujiku alikuja na maksai wake asubuhi, akiwatanguliza mbele kwa mluzi tu. Walikuwa wekundu wawili, ndugu wa mama mmoja, wamefanana mpaka kwenye kope. Nikawazunguka. Ndipo nikaona kwamba mmoja wao amefungwa ukanda wa gome la mti kwenye pembe, chini kabisa, karibu na nywele. Mwenzake hakuwa na kitu.

Nikamvuta Jailos pembeni. "Ile nini?"

"Ipi?"

"Ile kwenye pembe. Muulize."

"Mama Ezekia, usituletee maneno. Mtu ameleta ng'ombe wazima."

"Muulize tu. Mdomo haulipiwi kodi."

Hakuuliza. Mnunuzi amelipa, muuzaji amefika, lori linanguruma; kwa Jailos swali lolote lilikuwa jiwe barabarani. Bujiku naye hakusema neno. Alimpapasa kila maksai shingoni, akamwambia utingo asiwafunge vichwa chini, na lori lilipotoka akapokea chake kwa Jailos, akaondoka zake kwa miguu. Na mimi nikakaa na ukanda ule akilini mwangu.

Bati tulizinunua palepale dukani kwa Eliezeri, kabla vumbi la lori halijatulia.

Mwezi ulikuwa haujaandama maksai waliporudi. Dereva wa lori ndiye aliyeleta maneno ya mwinjilisti, na Eliezeri akayafikisha kwetu kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuja mpaka mlimani, na mtu mnene kama yule hapandi mlima wetu kwa heri. Alisema Kalinga amewafunga nira, wakagoma. Walisukumana mabega, wakageuka wakamtazama usoni, mwishowe mmoja akapiga magoti katikati ya shamba. Majirani wakacheka. Kalinga akasema ameuziwa ng'ombe wa nyama kwa bei ya ng'ombe wa kazi, na kwamba hata hiyo nyama asingethubutu kuila.

"Nimeshamrudishia chake," Eliezeri alisema, akijifuta jasho. "Sasa tunaongea mimi na wewe, bwana Jailos."

"Lakini sehemu kubwa nilimpa Bujiku."

"Hilo ni la kwako na Bujiku."

"Na fungu lako ulilokata?"

"Lile nililikata kwa kazi. Lori halikuondoka?"

"Basi sisi sote tumeumia, tugawane," Jailos alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kuomba.

Eliezeri alimtazama kwa upole. "Mimi ni daraja, ndugu yangu. Umewahi kuona daraja likilipa nauli?"

Nilimchukia siku ile, na nilimchukia zaidi kwa sababu lile neno lilikuwa zuri. Akainua macho kwenye paa letu linalong'aa, akaanza kupima bati kwa macho. Kesho yake vijana walikuja na nyundo.

Kwa hiyo tukabaki na maksai wawili tusio na mahali pa kuwalimisha, na nyumba iliyo uchi. Jailos alifunika boriti kwa nyasi za kuazima na turubai bovu. Asubuhi nikamwambia tunakwenda Igawa kuwachukua, tuwapeleke kwa Bujiku. Akasema atakwenda peke yake. Nikamwambia alikwenda peke yake kwenye udalali huu, na tazama tulipo.

Nataka nieleze vizuri nilivyokuwa ninawaza njia nzima, ndani ya basi. Niliwaza kwanza kwamba mwinjilisti ni mwizi. Amewalimisha maksai shamba lake lote, akamaliza, ndipo akakumbuka kulalamika kabla mwezi haujaandama. Amelimiwa bure, na utumishi wake unamfunika. Nilipenda sana wazo hilo. Lilikuwa na kila kitu, na lilinipa mtu wa kumchukia ambaye sijalala naye kitanda kimoja.

Tulipofika Igawa niliwaendea maksai kabla sijaomba maji. Nikawapapasa shingo zote mbili, juu, pale nira inapokaa. Mimi nimebeba kuni kichwani tangu utoto, utosi wangu unajua mzigo ulipolala. Kama wangevuta plau hata siku chache kwa mtu asiyewajua, ngozi ingechubuka, nywele zingekatika. Shingo zilikuwa laini. Kalinga hakuwalimisha. Wazo langu zuri likafa pale nyuma ya duka, kwenye harufu ya samadi, na nilisikitika kama niliyeibiwa.

Basi, nikawaza, ni Bujiku. Ametuuzia ng'ombe wajinga. Wala si wale tuliowaona. Amewabadilisha, hana uhaba wa wekundu. Nikasogea kumtazama yule wa ukanda, nihakikishe ni yeye. Ukanda haukuwepo. Kwenye pembe moja tu, chini, karibu na nywele, palikuwa na mviringo mweupe, pembe imesuguliwa mpaka ikang'aa kama kidole kilichovuliwa pete ya miaka mingi.

"Baba Ezekia," nikaita. "Nani amekata ile kamba?"

"Kamba gani tena?"

Akaja akatazama. Kwa mara ya kwanza tangu paa liondoke, alitazama kweli.

Tulitembea na maksai wale hadi Rujewa, na njia nzima hawakutusumbua. Bujiku alikuwa kwenye majaruba ya mpunga. Mkewe Leokadia akatupa maji kwenye kibuyu na akatutandikia ngozi. Jailos hakungoja Bujiku akae. Alimwaga yote: kwamba ng'ombe wamegoma, kwamba nyumba imeezuliwa, kwamba mtu mzima hafanyi hivi, kwamba tunataka tulichompa. Alipiga kelele. Nilikuwa sijawahi kumsikia Jailos akipiga kelele kwa mtu asiyekuwa mimi.

Bujiku alisikiliza mpaka mwisho. "Ile pesa uliyonipa imeshaingia huko," alisema, akionyesha majaruba kwa kidevu. "Siwezi kuitoa kwenye matope. Na mimi niliuza maksai wanaolima."

"Hawalimi!"

"Wanalima."

"Kamba ilikuwa ya nini?" nilimuuliza mimi.

Alinigeukia. Nadhani hakutarajia. "Kamba gani, mayu?" Mayu kwao ni mama.

"Ya kwenye pembe. Ya gome. Ulimfunga huyu, huyu hukumfunga. Ni dawa ya nini?"

Bujiku alimtazama mkewe, na Leokadia akaziba mdomo kwa kiganja. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikajua ninachekwa.

"Dawa!" Bujiku alisema. "Mayu, hawa wanafanana. Huyu wa kamba ni wa kulia. Huyu mwingine ni wa kushoto. Tangu ndama analima upande huo. Ukimbadilisha, anaona umemfunga na mgeni, hasogei. Sasa mtu atajuaje, kama hujamwekea alama?"

"Kwa nini hukusema?" Jailos aliuliza, sauti imeshuka.

"Nani hajui hilo?" Bujiku alisema, na alikuwa anashangaa kweli. Kwao hata mtoto wa kuchunga ndama alijua. Hakuwahi kuwaza kwamba duniani kuna mtu mzima anayenunua maksai bila kutazama yupi ni wa upande gani.

Alileta nira. Aliutafuta mviringo mweupe kwa kidole gumba, akamweka mwenye nao kulia, mwenzake kushoto. Akapiga mluzi. Sijui nieleze vipi kilichonipata nilipoona plau ikizama na udongo ukigeuka, mweusi, umenyooka, na wale ndugu wawili wakienda kichwa kwa kichwa kana kwamba hawajawahi kupakiwa lori maishani mwao. Nililia. Jailos alifikiri nalia kwa furaha. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimetafuta mwizi kote huko na hakukuwa na mwizi, na paa langu lilikuwa limekwenda vilevile.

Jioni ile, kabla hatujaondoka, Jailos alijaribu tena. Alisema basi kosa si la kwake wala la Bujiku. Bujiku akakubali. Alisema tuwaache maksai kwake, atawachunga bila malipo. Zaidi ya hapo hakuwa na la kutoa, na sikuona wapi ningemkaba.

Tukapitia Igawa. Eliezeri alitusikiliza, akicheka mahali pa kucheka, akatikisa kichwa mahali pa kutikisa. Akasema ni habari nzuri sana, na kwamba haibadilishi kitu.

Nadhani ni yule dereva wa lori aliyeipeleka habari hadi Ifunda, maana madereva hawawezi kukaa na kitu moyoni hata kilomita moja. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na mimi nilikuwa nimeweka sufuria na makopo chini ya turubai, nilipoona mtu mwembamba mwenye koti jeusi anapanda njia yetu, ameshika viatu mkononi asivichafue.

"Kamwene," alisema mlangoni, kisha akakumbuka hayuko kwao, akasalimia kwa Kiswahili. "Mimi ni Saulo Kalinga."

Nilimkaribisha. Nilimkalisha kwa makusudi palipovuja zaidi.

Alikuwa mtu mpole, na hilo liliniudhi. Tone lilimpiga begani, akasogea. Lingine likampiga gotini. Jailos alimweleza tuliyoyaona Rujewa. Kalinga akainamisha kichwa.

"Nilikuta kitu kwenye pembe," alisema taratibu. "Mimi ni mtumishi, mnaelewa. Ng'ombe wanatoka kwa watu ambao... watu husema mengi. Nilikikata kwa kisu, nikakiombea, nikakichoma. Walipogoma shambani nikajua nimechelewa, kwamba kimeshawaingia." Akatazama juu, kwenye turubai. "Hili paa?"

"Ndilo ulilorudishiwa," nilisema.

Kalinga akasogea tena kukwepa tone. Maji yalikuwa yanalia kwenye makopo. Kisha akasema bado anawataka maksai wale, na yuko tayari kuyaacha malipo kwa Eliezeri kama mwanzo.

Jailos alifungua mdomo kukubali. Nilimwona. Nikamtangulia.

"Eliezeri hapana. Unakwenda na sisi Rujewa. Unawaona kwa macho yako, unawafunga kwa mikono yako, wakilima unatulipa mkononi, palepale shambani. Ukishawatoa pale ni wako. Wakigoma ni wako. Wakipiga magoti ni wako, uwabatize."

Jailos alishika kichwa. Lakini Kalinga alicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyelowa, akasema sawa, mama.

Siku ile Rujewa Bujiku hakuleta maneno. Aliutoa ukanda mpya wa gome, ungali na unyevu, akauweka kwenye kiganja cha mwinjilisti. "Funga," alisema. "Wa kulia."

Kalinga aliushika kama anavyoshikwa nyoka mtoto. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nadhani alikuwa anaomba. Ukanda ukamdondoka, akauokota kwenye matope. Kisha akamwendea yule mwekundu, akaitafuta alama ya zamani kwenye pembe, akaufunga juu yake, fundo la kwanza, fundo la pili. Akalivuta kuona kama limekaza. Hakuna aliyemcheka. Hata mimi.

Walilima mpaka mwisho wa shamba na kurudi, naye akiwa nyuma yao, koti lake jeusi limepandishwa kiunoni. Alitulipa palepale, akiwa bado anahema.

Bati, nilirudi kuzinunua kwa Eliezeri, maana mwaka ule bati ziliadimika, na hapakuwa na mwingine mwenye nazo kati ya Igawa na kwetu. Bei ilikuwa imepanda. Alinitolea zilizokuwa nyuma ya duka, zimepakwa lami kwenye matundu ya misumari, na akazisifu. Nilipitisha kidole kwenye matundu yale moja moja. Nilikuwa nayajua, mengine Jailos aliyapiga kombo nikamgombeza. Sikumwambia Eliezeri kitu. Alikula maksai walipokwenda, akala bati ziliporudi, sasa alikuwa anakula kwa mara ya tatu, na mtu wa namna hiyo ukimwambia umemjua anaongeza bei.

Zilitosha nusu ya nyumba. Jailos aliezeka upande wa kulia kwa bati, upande wa kushoto tukaacha nyasi mpya, nzito, tukiambiana kwamba mwakani tutamalizia. Mwaka ule tukashikwa na mambo mengine, na mwaka uliofuata mengine tena.

Kitanda chetu kilikuwa katikati. Mvua ikinyesha ilikuwa inapiga ngoma upande wa Jailos na kunong'ona upande wangu. Mara moja, nilipokuwa na ujauzito wa Benedicta, alisema tubadilishane, nikae chini ya bati, palipo pakavu zaidi. Tulijaribu. Tuligongana viwiko, tukanyang'anyana blanketi, hatukupata usingizi hata lepe, mpaka akaanza kucheka gizani.

"Rudi kwako, Mama Ezekia," alisema. "Tutapiga magoti shambani."

Watoto waliimalizia nyumba kwa bati tupu baada ya kumzika baba yao. Ni paa zuri, halivuji. Naambiwa sasa kitanda chote ni changu, nilale katikati nijinyooshe. Bado nalala kushoto.